Barua kwa mwanangu: kutafuta mtu wa kuongea naye kwenye mji ambao kila mtu anakujua

Mwanangu,

Marahaba. Voisi yako nimeisikiliza yote, ndefu kweli, nikaona nikuandikie maana haya mambo tukirushiana voisi nusu yake inapotea. Umeniuliza hivi: tangu ndoa ivunjike usingizi umekataa, kazini unaenda kwa kujikokota, daktari wa kawaida kakwambia tafuta mtaalamu wa tiba ya kuongea, sasa huko kwenye kamji kenu wataalamu wenyewe wanahesabika kwa vidole, mmoja mke wake ndo bosi wako, mwingine mnasali pamoja, alafu nusu ya wiki wewe uko vijijini kwenye mradi ambako mtandao unakuja ukijisikia. Kwa hiyo mama nimpate wapi anayenifaa, au nifunge safari tu niende jiji kubwa ambako hakuna anayenijua?

Usikimbilie jiji kubwa. Naanza na hilo kabisa kabla hujakata tiketi. Najua linavutia, unaingia ofisi ya watu usiowajua, unalia, unatoka, hakuna anayekuuliza kitu. Ila tiba hii ni ya kurudi na kurudi. Ile inayoitwa CBT, ya kushughulika na mawazo na tabia, ambayo daktari wa akili Aaron Beck aliianzisha miaka ya 1960, mara nyingi inaenda sesheni 12 mpaka 20, karibu kila wiki, kila moja kama dakika 50 hivi. Sasa jumlisha safari, ruhusa ya kazini, uchovu, na wewe mwenyewe unasema kuamka tu asubuhi ni vita. Utaenda ya kwanza, utaenda ya pili, ya tatu mvua itanyesha, ya nne utaahirisha, basi imeisha hiyo. Nimekaa wodini na kliniki miaka yangu yote ya unesi na walioacha njiani kwa sababu ya umbali nimewaona wengi kuliko walioacha kwa sababu mtaalamu alikuwa mbovu. Bora mtu wa kawaida mwenye leseni unayeweza kumfikia kila wiki na ukamwambia ukweli, kuliko bingwa wa mbali unayemuona ukipata nafasi.

Na hapo kwenye kumwambia ukweli ndo kwenye kazi yenyewe. Unajua watu wanahangaika sana na aina ya tiba, eti hii ya kisasa ile ya zamani, wakati wanaochunguza haya mambo kwa miaka mingi wanarudi palepale, kwamba uhusiano wako na mtaalamu una uzito mkubwa kwenye kupona. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika kwamba huo uhusiano una vitu vitatu ndani yake: mnakubaliana mnataka kufika wapi, mnakubaliana mtafanya nini ili mfike, na kuna kuaminiana kati yenu. Mimi huwa naviona kama figa za jiko, likikosekana moja sufuria inamwagika. Unaweza kumpenda sana mtaalamu, mnacheka vizuri, lakini ukimuuliza hivi tunaelekea wapi hana jibu. Au kinyume chake, ana mpango mzuri wa kila wiki lakini ukikaa mbele yake unajikuta unaficha. Ukianza kumchagulia mtaalamu maneno ili asikuone vibaya, ujue hapo bado.

Sasa hao watu wa mjini kwenu. Yule ambaye mke wake ni bosi wako, huyo muache. Sio kwamba ni mtu mbaya, anaweza kuwa mtunza siri kuliko wote, lakini wewe kichwani hutakuwa huru, kila ukitaka kusema kitu cha kazini utameza, na kazi ndo nusu ya shida zako. Huyo mnayesali naye, hebu tusimfute haraka hivo. Inategemea mnajuana kiasi gani. Mnasalimiana tu mkitoka, au mko kamati moja mnachangishana? Kama ni salamu tu, kwenye mji mdogo hiyo ni kawaida na haiepukiki, ukitaka mtaalamu ambaye hamtakutana popote utamkosa. Hata kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani hazikatazi kila aina ya kujuana nje ya ofisi, zinakataza ule unaoweza kuharibu kazi yake au kukuumiza wewe. Muhimu ni kwamba lizungumzwe mapema, na ikibidi uanze wewe. Siku ya kwanza kabisa mwambie: tukikutana njiani tunafanyaje? Mtaalamu anayejua kazi ya miji midogo anakuwa na jibu tayari, atakwambia mimi sitakusalimia wa kwanza, ukinisalimia nitaitikia kama mtu yeyote, na mambo ya humu ndani hatuyagusi huko nje. Akishangaa swali, au akacheka akasema aah sisi wote ni ndugu hapa, mh. Fikiria mara mbili.

Kuna kipimo kingine, hiki naomba ukishike kabisa. Sikiliza kama anakusimulia habari za wateja wengine. Kwenye jiji la watu milioni, mtaalamu akisema "nilikuwa na mama mmoja ana biashara ya nguo, mume wake alikuwa hivi na hivi" hakuna atakayejua ni nani. Huko kwenu mama mwenye biashara ya nguo na mume wa hivyo ni mmoja tu na unajua mpaka duka lake. Hakutaja jina, ni kweli, ila ameshamtaja. Na ujue wiki ijayo kuna mtu atakaa kwenye hicho kiti aambiwe "kuna kijana mmoja wa miradi, ndoa yake ilivunjika". Akifanya hivyo hata mara moja inuka uende, hapo usimuonee haya.

Lakini pia siri zinavuja kwa njia ambazo hata sio za mtaalamu mwenyewe, na watu hawaziangalii. Nani yuko pale mapokezi anayeandika majina? Faili linakaa kabatini au kwenye kompyuta, na nani mwingine ana funguo au paswedi? Kuna kliniki benchi la kusubiria linatazamana na barabara, mtu anayepita na baiskeli anakuona vizuri kabisa, anapunga mkono juu. Omba saa ya kwanza asubuhi au ya mwisho jioni, au uliza kama unaweza kusubiri sehemu nyingine ukapigiwa simu zamu yako ikifika. Ukilipa kwa simu angalia jina linalotokea kwenye ujumbe ni la kliniki au la mtu. Haya ni maswali halali, usijione msumbufu.

Alafu ujue siri yenyewe ina mipaka, na mtaalamu mzuri anakwambia mapema kabla hujafungua mdomo. Karibu popote, ukiwa kwenye hatari ya kujiua, au ya kumdhuru mtu, au kuna mtoto anaumizwa, anaweza kulazimika kuhusisha watu wengine. Mwambie akueleze sheria ya hapo inamtaka afanye nini hasa. Watu wengi wanaogopa wakidhani wakisema tu "kuna siku natamani nisiamke" basi ambulensi inakuja. Sivyo. Kuwa na mawazo hayo ni tofauti na kuwa na mpango, na yeye amesomea kukuuliza taratibu akajua tofauti. Ila mwanangu, kama kuna siku mawazo hayo yanageuka kuwa mpango, mambo ya kuchagua chagua mtaalamu yaishe hapohapo, unaenda hospitali yoyote iliyo karibu saa hiyohiyo, na mimi unanipigia hata saa nane za usiku.

Haya, kuhusu vyeo, maana umeniambia mtu kakuelekeza kwa "kochi wa maisha". Nisikilize vizuri hapa. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, anaandika dawa. Mwanasaikolojia wa tiba amesomea kupima na kutibu kwa mazungumzo, sehemu nyingi haandiki dawa. Mshauri nasaha naye anatibu kwa mazungumzo, mafunzo yake yanatofautiana sana, kuna waliosoma miaka na kuna wa semina. Kochi wa maisha, nchi nyingi hakuna sheria inayombana mtu kujiita hivyo, hata mimi kesho naweza kubandika kibao mlangoni. Kwa hiyo ukipewa jina lolote uliza vitu viwili tu: umesajiliwa wapi, na nani anakusimamia kazi. Hilo la pili watu hawalijui. Wataalamu wazuri nao wana mtu wao wanayekaa naye kupitia kesi zao bila kutaja majina, na kwenye mji mdogo ambako mtu anafanya kazi peke yake bila wenzake hilo linakuwa na maana zaidi. Mtu anayekujibu "mimi nina uzoefu, sihitaji kusimamiwa" ananitia wasiwasi kuliko kijana aliyemaliza juzi anayesema kila wiki mbili naongea na msimamizi wangu.

Kabla ya hayo yote, rudi kwa yule daktari wako akupime damu, tezi ya shingo na wingi wa damu hasa. Tezi ikilegea au damu ikipungua mtu anachoka, analala ovyo, moyo unakuwa mzito, anaonekana kabisa ana sonona. Nimeona mtu anaongea miezi kumbe tezi. Sisemi ndo wewe, ndoa imevunjika na hiyo inatosha kumkosesha mtu usingizi, lakini ni kipimo kidogo, kipite.

Namna ya kuwapata hao wengine usiowajua. Usiulize "nani mzuri?" maana kila mtu atakutajia anayemjua. Nenda kwa nesi wa zamani wa hospitali, au huyo daktari, umuulize: angekuwa mdogo wako ana shida kama yangu ungempeleka kwa nani? Swali hilo linabadilisha jibu, mtu anaacha kutaja cheo anaanza kufikiria. Uliza pia kama kuna mtaalamu anayekuja siku maalum toka mji mwingine, hospitali nyingi ndogo zinakuwa na kliniki ya namna hiyo mara moja kwa wiki au kwa mwezi na haitangazwi sana. Huyo wa kuja na kuondoka ana faida yake kwako, haishi hapo, hamtakutana sokoni. Ubaya wake ni foleni. Andikisha jina na uwaambie ukweli kwamba mtu akighairi dakika za mwisho wewe unaweza kufika, majina ya namna hiyo yanaitwa mapema.

Na huko vijijini usidharau waliofundishwa kwa kazi hiyo tu. Zimbabwe, Dixon Chibanda ambaye ni daktari wa akili alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua shida zao moja moja, wenyewe wanaita Friendship Bench, na utafiti uliotoka kwenye jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na hao bibi baada ya miezi 6 dalili zao zilikuwa chini kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao hawana digrii. Wana mafunzo, wana hatua za kufuata, na wana wasimamizi. Kwa hiyo kama kwenye kituo cha afya cha huko unakofanyia mradi kuna mhudumu aliyepata mafunzo ya namna hiyo, kaa naye wakati unasubiri foleni ya mjini, huku sio kubahatisha.

Simu na video. Umesema huamini. Mimi pia mwanzo nilikuwa sielewi mtu atalia vipi kwenye skrini, lakini tafiti za CBT kwa video zinaonyesha matokeo hayapishani sana na ya ana kwa ana, na kwa mtu wa hali yako inafungua mlango wa wataalamu walio mbali bila safari. Tatizo lako linabaki mtandao na faragha. Mtandao: kubaliana naye mapema laini ikikata nani anapiga, na mkimalizia kwa simu ya kawaida bila picha ni sawa, sauti inatosha. Faragha: kwenye nyumba ya wageni ya kijijini kuta ni nyembamba, unayemsikia anakohoa naye anakusikia. Gari la mradi, umelipaki pembeni ya shamba penye mtandao, vioo juu, injini imezimwa, simu umeiegemeza kwenye usukani ili mikono iwe huru, hiyo ni ofisi tosha kabisa. Weka maji na karatasi. Mwambie mwanzoni uko wapi hasa, wataalamu makini wanauliza wenyewe, ili likitokea jambo ajue amtume nani. Usiongee huku unaendesha, nakujua wewe. Na huyo wa mbali muulize kama leseni yake inamruhusu kutibu mtu aliye ulipo wewe, maana sehemu nyingi sheria inaangalia mgonjwa yuko wapi, sio daktari yuko wapi.

Kama ningekuwa mimi ningechanganya. Sesheni mbili tatu za mwanzo ana kwa ana mjini ili mjuane sura, alafu wiki za vijijini mnaenda kwa simu, ukirudi mnaonana. Wengi wanakubali ukiwaomba.

Sasa utajuaje kama anakufaa? Mpe sesheni tatu au nne. Ya kwanza haihesabiki sana, ni maswali ya historia na wewe utatoka umechoka kuliko ulivyoingia, ni kawaida, usimhukumu kwa hiyo. Kuna lile fomu la PHQ-9 la kupima dalili za sonona, maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, alama toka 0 mpaka 27, ukifika 10 kwenda juu inabidi mtu akuangalie vizuri. Sio la kujipa ugonjwa mwenyewe, ila jaza mwanzoni mkiwa wote wawili, mkae mrudie baada ya wiki kadhaa muone zinaelekea wapi. Alama zisiposhuka mtaalamu wa kweli ndo anaanza kujiuliza kabla yako, anabadilisha njia, au anakwambia hili linahitaji na dawa, nenda kwa daktari wa akili. Na dawa zikija usizikatae kwa sababu ya shangazi zako. Zile za sonona zinachukua wiki kadhaa kuonekana kazi yake, na haziachwi ghafla bila daktari.

Alafu mjaribu na hili: siku moja mwambie kitu hukukipenda. Mfano "wiki iliyopita ulinikatisha nikinyamaza". Akisema asante kwa kuniambia, hebu tuliangalie, huyo mtu wa kukaa naye. Akijitetea mpaka wewe ndo unaanza kumbembeleza, basi mmebadilishana viti.

Ukiamua kuacha, kwenye mji mdogo usipotee kimyakimya maana mtakutana tu mbele ya mashine ya kutolea hela. Mwambie sioni kama tunaendana, unaweza kunielekeza kwa mwingine? Wameshazoea, na mara nyingi anamjua wa kukufaa kuliko sisi wote.

Usiniambie mnaongea nini humo. Najua nitatamani kujua, na najua mimi nimo kwenye hizo habari, mama gani hayumo, ila yabaki huko. Mimi pia siwezi kuwa terapisti wako hata kama nilivaa gwanda jeupe miaka yote ile. Nikikusikiliza nakusikiliza kama mama, nataka uache kulia haraka, na hiyo sio kazi ya yule mwingine.

Umesema hujui uanzeje kumwandikia mtu usiyemjua jambo kama hili. Fupi tu. Usimwage historia yote kwenye ujumbe wa kwanza, hujui nani mwingine anashika hiyo simu. Nakili hii ubadilishe unavyotaka:

"Habari za kazi. Nimeelekezwa kwako na daktari wangu. Natafuta mtu wa tiba ya kuongea, nina shida ya usingizi na hali ya moyo baada ya mabadiliko ya kifamilia. Naishi mjini ila nusu ya wiki niko kijijini, kwa hiyo ningependa kujua kama unafanya na kwa simu. Naomba kujua nafasi yako ya karibu, gharama, na kama umesajiliwa. Asante."

Mtumie huyo mnayesali naye, kama ni wa salamu tu, na yule anayekuja kliniki ya hospitali, wote wawili siku moja, usisubiri mmoja ajibu kwanza. Wakikaa kimya wiki nzima wapigie, wengi hawana msaidizi na ujumbe unazama, haina maana wamekukataa. Na hilo swali la usajili usilifute kwa aibu, nakujua utataka kulifuta.

Jumamosi nipo nyumbani siku nzima. Ukipiga ntakuuliza umelala saa ngapi, basi.

Mama yako